Tatu kwa Moja

Zamu ya usiku, kiwanda cha ngozi, Moshi,
upande wa chini, ambako ukitaka kuuona mlima
sharti upande juu ya mapipa.
Mbele yangu bomba la kioo, refu kunishinda,
limejaa punje za rangi ya asali
kama ulezi uliolowekwa kwa ajili ya mbege,
ila hizi hazichipui, hazichachi, hazimleweshi mtu.
Resini, alinifundisha Aikande siku ya kwanza,
akazimimina kiganjani mwangu,
zikateleza kama zina haya.

Juu yanaingia maji yaliyooshea ngozi,
kijani, kijani ambacho hakuna jani linalokikubali.
Chini yanatoka maangavu.
Nikasema, kumbe ni chujio.
"Chujio hunyima," akasema. "Hili ni soko."

Hapo nikaelewa, maana mimi ni mtoto wa Kiboroloni,
nimekulia kati ya mafungu ya nyanya na marobota ya mitumba.
Kila punje imekaa na chumvi yake mapajani,
inamwona kromu akipita, mzito, na chaji zake tatu,
inamwambia: keti.
Inatoa sodiamu tatu, inampokea yeye mmoja.
Tatu kwa moja! Bibi yangu angeisusa biashara hiyo.
"Usihesabu vichwa," Aikande akasema, "hesabu mizigo."

Soko lisilopiga kelele wala kutoa moshi.
Naona tu kijani kikishuka ndani ya kioo,
shingo, kifua, kiuno.
Kikifika magotini, funga vali.
Punje iliyoshiba haina tena cha kutoa,
kila kijacho hukiachia kipite.

Jumatano ya pili ya Februari nilisinzia.
Siandiki kujitetea. Mtoto alikuwa na homa,
mchana kutwa sikulala,
basi, nimekwisha kujitetea.
Nilipozinduka kijani kilikuwa kimefika nyayoni,
na kikombe cha sampuli kilikuwa na rangi ya jicho la paka.
Dakika ngapi? daftari likauliza.
Nikaandika: kumi.
Hazikuwa kumi.

Nje ya ukuta maji yetu huangukia mtaro,
mtaro huingia mfongo,
mfongo hupinda kwenye mgomba wa tatu
kwa Mama Ndealilia, mwenye mnafu na maharage,
anayeniitikia marahaba kwa jina la marehemu baba.
Asubuhi ile pia aliniitikia.
Alikuwa anazibua tope,
miguu ndani ya maji hadi vifundoni.

Sasa tunaziosha punje. Tindikali hafifu, polepole,
zinatapika kijani chote zilichokula,
kidogo, kizito, ndani ya dumu la bluu.
Halafu maji ya chumvi, zirudishiwe mtaji.
Asali inarudi kuwa asali.
Kile kijani hakikufa. Humu hakuna kinachokufa,
vitu vinahama tu:
Kundaeli atakibeba akirudishe kwenye pipa la ngozi,
na huenda wewe umekivaa sasa hivi,
mkanda, kiunoni.

Lakini kile cha Februari hakina dumu.

Nimelifungua daftari. Kumi ileile, wino wangu,
mwandiko mzuri kupita siku zote.
Nikiitoa, nitapokea nini?
Barua ya onyo, labda. Labda lango.
Labda jina la baba litoke kinywani mwa yule mama
lisirudi tena.
Tatu kwa moja, naam.
Nimehesabu vichwa usiku kucha.

Nimeikata kwa mstari mmoja, isomeke bado.
Pembeni nimeandika: arobaini na tano.
Nimeweka sahihi.

Kunapambazuka. Ng'ambo ya ukuta
nalisikia jembe lake likigonga jiwe la mfongo.
Navaa buti.
Leo shikamoo haitatosha.